Kiraka kilichoizidi nguo

Mapema muhula huu mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea insha isiyokuwa na mwisho. Ilikuwa na kurasa mbili na nusu za mwandiko safi, methali zikiwa mahali pake, wahusika wakiwa wamekwisha kuingia katika mtafaruku, kisha ghafla bin vuu, kimya. Nilipomsimamisha na kumtaka anieleze yaliyompata yule bibi arusi aliyeachwa katikati ya mto uliofurika, aliweka mikono nyuma kwa adabu akasema: "Mwalimu, hilo ni toleo la kwanza tu. Kiraka nitakuletea wiki ijayo."

Darasa liliangua kicheko. Nami, sina budi kukiri, nilicheka kabla ya kukumbuka kwamba cheo changu hakiniruhusu.

Saa ya chai, mwenzangu anayefundisha Hisabati, kijana ambaye umri wake bado unamruhusu kuyajua mambo hayo, alinifumbulia fumbo. Watengenezaji wa michezo ya video siku hizi huwapelekea wanunuzi marekebisho kwa njia ya intaneti baada ya mchezo wenyewe kuingia sokoni, na marekebisho hayo Waingereza wameyaita kwa jina la kile kipande cha nguo kinachoshonewa juu ya tundu. Mvulana alikuwa amelitafsiri tu neno hilo, tena, nikimhukumu kama mwalimu wa lugha, amelitafsiri vyema. Mchezo aliokuwa akiufikiria unaitwa Cyberpunk 2077, nao una kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinamhusu kila mtu anayeishi kwa kusahihisha kazi za wengine.

Najua fika kwamba wenzangu wengi wakisikia mchezo wa video huona kibanda chenye giza kando ya soko, watoto waliotoroka masomo ya jioni, na nauli iliyomezwa na mtambo. Sikusudii kukitetea kibanda hicho. Nitakirejea baadaye, kwa sababu kina nafasi katika hoja yangu.

Zamani mchezo wa aina hii ulitiwa ndani ya kaseti ya plastiki, ukafungwa, ukauzwa. Kosa lililokuwamo lilikuwamo milele. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilimpa mtaalamu wake, Howard Scott Warshaw, muda wa wiki tano hivi kuunda mchezo uliotokana na filamu ya E.T., ili uwahi Krismasi. Wiki tano! Mchezo ukatoka, watoto wakamtazama mhusika wao akitumbukia shimoni, akapanda, akatumbukia tena, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kuwafikishia marekebisho. Mwaka uliofuata Atari ilizika shehena ya bidhaa zake, kaseti za mchezo huo zikiwemo, katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 zilifukuliwa mbele ya kamera, vumbi na yote. Woga wa jaa hilo ulikuwa na faida yake, kwani aliyejua kwamba hatapewa nafasi ya pili alijitahidi kuitumia ya kwanza.

Intaneti iliuondoa woga huo.

Kampuni ya CD Projekt ilianzishwa mwaka 1994 mjini Warsaw, Polandi, na vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, waliokuwa wakiuza michezo iliyoundwa na wengine. Baadaye waliamua kuunda ya kwao, wakachota katika hadithi za mwandishi wa nchi yao, Andrzej Sapkowski. Mchezo wao wa tatu katika mfululizo huo, uliotoka Mei 2015, uliwajengea sifa ambayo wafanyabiashara wengi huitamani na wachache huipata: sifa ya kutompunja mnunuzi. Waliwapa wachezaji nyongeza ndogo 16 bila malipo, kisha nyongeza mbili kubwa za kulipiwa ambazo wengi walikiri kwamba zilistahili bei yake. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza. Waliposema kwamba wanaunda jambo kubwa zaidi, hakuna aliyeomba ushahidi.

Jambo hilo kubwa lilitangazwa mwaka 2012. Asili yake ni mchezo wa karatasi na dadu uliobuniwa na Mmarekani Mike Pondsmith na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1988. Mandhari yake ni jiji la kubuni linaloitwa Night City, katika jimbo la California, mahali ambapo mashirika ya biashara yana nguvu kuliko serikali na watu huuza viungo vyao vya mwili na kupandikiza vya chuma badala yake. Juni 2019 mwigizaji Keanu Reeves alijitokeza jukwaani mjini Los Angeles, akatangaza kwamba mchezo ungetoka Aprili 2020. Haukutoka. Ukaahirishwa hadi Septemba, kisha hadi Novemba. Oktoba mwaka huo kampuni ilitangaza kwa shangwe kwamba kazi imekamilika na diski zinakwenda kuchapwa. Majuma matatu baadaye ikaahirisha tena kwa siku 21. Wasomaji ambao wamewahi kushughulika na wachapishaji wa vitabu watanielewa. Ni kama kuambiwa kitabu kiko kiwandani ilhali mwandishi bado anaitafuta sura ya mwisho.

Hatimaye mchezo ulitoka tarehe 10 Desemba 2020, watu milioni 8 wakiwa wamekwisha kuulipia kabla ya kuuona. Kwenye kompyuta zenye nguvu ulikuwa na kasoro, lakini ulichezeka. Kwenye mitambo ya PlayStation 4 na Xbox One, ambayo ilikuwa madukani tangu mwaka 2013 na ndiyo iliyokuwa katika nyumba za watu wengi, ulikuwa kioja. Nyuso zilikuwa kama udongo ambao haujafinyangwa, magari yalizama barabarani, na mchezo wenyewe ulizimika katikati ya pambano. Wahakiki waliopewa mchezo kabla ya siku ya mauzo walikuwa wamepewa ule wa kompyuta pekee. Hapa ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Kasoro ni jambo la kibinadamu, lakini kumwonyesha mteja upande mmoja tu wa kitambaa ni jambo jingine kabisa.

Siku nne baadaye kampuni iliomba radhi na kuwaelekeza wasioridhika wakadai fedha zao. Tarehe 17 mwezi huo huo Sony iliuondoa mchezo katika duka lake la mtandaoni, hatua isiyo ya kawaida kwa mchezo mkubwa namna ile, na haukurejeshwa hadi Juni 2021. Januari 2021 Iwiński alijitokeza katika filamu fupi akasema kwamba mafundi wake wasilaumiwe, na kwamba uamuzi wa kuutoa mchezo ulikuwa wake na wa wakurugenzi wenzake. Hilo nalisifu. Hata hivyo, kufikia tarehe 20 Desemba nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimeuzwa, hata baada ya kutoa zile zilizorudishwa. Waliokosea hawakufa njaa.

Viraka vikaanza kufuatana. Cha Machi 2021 pekee kilikuwa na marekebisho yapata 500. Kingine kikubwa kilitoka Februari 2022. Septemba mwaka huo, filamu ya katuni ya Kijapani iliyotungwa juu ya jiji lile lile iliwarudisha maelfu ya watu waliokuwa wamelipa mgongo. Lakini kiraka ambacho mwanafunzi wangu alikuwa akikizungumzia ni kile kilichopewa nambari 2.0, kilichotolewa bila malipo tarehe 21 Septemba 2023. Nimeketi na mwenzangu wa Hisabati Jumamosi mbili nzima, yeye akicheza nami nikiuliza maswali ya kizee, na nataka kueleza nilichokiona, maana ni somo la utunzi kuliko lilivyo somo la mitambo.

Tuanze na polisi. Katika mchezo wa mwanzo, mchezaji akitenda kosa, hata akiwa juu ya paa la ghorofa, polisi walichipuka mgongoni pake kama uyoga baada ya mvua. Akikimbia hatua kadhaa, walisahau. Hawakujua kufukuza kwa gari. Katika fasihi tungesema kwamba tukio halina chanzo wala matokeo, kwa hiyo halimtishi msomaji. Baada ya kiraka, polisi huja kutoka mahali fulani, kwa magari, huziba njia, na ukali wao hupanda kwa ngazi tano hadi kinapoletwa kikosi maalumu ambacho mchezaji wa kawaida hukiombea kisije. Mwenzangu alipojaribu kuwatoroka nilijikuta nimeushika ukingo wa kiti. Jiji ni lile lile, barabara ni zile zile. Kilichoongezwa ni usababisho.

Tuje kwenye mavazi. Awali kinga ya mchezaji dhidi ya risasi ilitokana na nguo alizovaa, kila nguo ikiwa na tarakimu yake. Matokeo yake ni kwamba shujaa alitembea mjini kwa kaptura, kofia ya pikipiki na koti la kike, kwa sababu tu tarakimu zilipendeza. Kiraka kiliihamisha kinga hiyo kutoka katika nguo na kuitia katika vipandikizi vya mwilini. Nguo zikabaki kuwa mapambo zaidi. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini tazama yalivyoingia ndani. Hii ni hadithi ya jiji ambamo mtu hununua usalama kwa kuuza mwili wake. Sasa mchezaji akitaka usalama, hana budi kumwendea mpasuaji na kukubali kukatwa. Fani imeanza kusema kile ambacho maudhui yalikuwa yakikisema peke yake. Wangapi kati ya waandishi wetu wa riwaya wangejaliwa kuirudia kazi yao iliyokwisha kuchapishwa na kuupata upatanifu wa namna hiyo?

Vivyo hivyo kwa dawa na mabomu ya mkono. Mwanzoni mtu aliweza kurundika dawa kama mwenye duka la jumla na kuzinywa katikati ya risasi bila kikomo, hivyo kifo kikawa ni kwa wazembe. Sasa vimewekewa kiasi, na vikiisha sharti usubiri vijijaze. Stadi za mhusika, ambazo zamani ziliongeza asilimia chache hapa na chache pale kama riba ya benki, zilifumuliwa na kufumwa upya ili kila moja ibadili jinsi ya kupigana. Yuko anayechagua kuzipangua risasi kwa upanga, na yuko anayechagua kuruka na kubadili mwelekeo angani. Waliokuwa wamekwisha kucheza walirudishiwa alama zao zote wazigawe upya. Hiyo ni heshima. Hawakuambiwa, "Nyinyi mlichagua zamani, shauri yenu."

Siku tano baadaye, tarehe 26 Septemba, ikafuata nyongeza ya kulipiwa, Phantom Liberty, kwa bei ya dola 30 hivi: hadithi ya kijasusi katika mtaa mpya uliozungushiwa kuta, naye Idris Elba akiigiza jasusi mkongwe. Nyongeza hiyo iliuza nakala milioni 3 katika juma lake la kwanza, na mchezo wenyewe ukavuka milioni 25. Desemba mwaka huo ulitunukiwa tuzo ya mchezo bora unaoendelea kuhudumiwa, katika hafla ya The Game Awards huko Los Angeles. Mwezi huo huo kampuni ilitoa kiraka kingine kilicholeta hata treni za mjini ambazo wachezaji walikuwa wakizidai tangu mwanzo. Kisa cha kupendeza, ati? Aliyeanguka akainuka, akajipangusa vumbi, akavishwa taji.

Mimi nasita kupiga makofi, na sababu yangu ni moja.

Kiraka 2.0 hakikutolewa kwa PlayStation 4 wala Xbox One. Kilitolewa kwa kompyuta na kwa mitambo mipya ya PlayStation 5 na Xbox Series. Kiraka kikubwa cha mwisho kilichowafikia wenye mitambo ya zamani ni kile cha Septemba 2022, kilichokuwa na nambari 1.6. Maana yake ni kwamba wale waliouziwa kioja mwaka 2020, ambao kilio chao ndicho kilichosababisha msamaha, aibu na matengenezo yote yale, ndio waliofungiwa mlango karamu ilipokuwa tayari. Kampuni ilieleza kwamba mitambo ile haiwezi kuyabeba mabadiliko hayo. Siubishi ukweli huo. Nauliza tu iwapo ukweli huo haukuwa ukweli Desemba 2020, mitambo ile ile ilipokuwa ikitajwa katika matangazo. Naam, walioomba fedha zao walirudishiwa, na haki yao hiyo nisiifiche. Lakini wako waliosubiri kwa imani, na imani ndiyo iliyowagharimu.

Sasa tukirejee kile kibanda. Nilikipitia kimoja katika mji ninaofundisha, nikakaribishwa benchi na mwenyewe, mtu mpole aliyedhani nimekuja kumsaka mtoto. Alinieleza biashara yake. Diski hununua kuukuu, kwa watu waliokwisha kuzichoka. Mitambo ni ya miaka mingi. Intaneti ya kupakua makumi ya gigabaiti ingemla faida ya wiki, kwa hiyo hapakui chochote. "Mwalimu," aliniambia, "kilicho ndani ya diski ndicho tunachocheza." Sentensi hiyo nimetembea nayo. Watunzi walioko Ulaya na Marekani huzungumza kana kwamba kila mtu duniani ameunganishwa na waya usiokatika. Kwa watoto wanaolipa shilingi chache kwa kila pambano katika benchi lile, toleo la kwanza ndilo la mwisho. Wao bado wanaishi zama za kaseti, isipokuwa watengenezaji wameacha kuuogopa mwisho wa kaseti.

Tena hata aliye na waya hana hakika. Mchezo uitwao Anthem, uliotolewa na kampuni ya Electronic Arts Februari 2019, nao ulipokewa kwa malalamiko, nao ukaahidiwa kufumwa upya kutoka mwanzo. Mafundi walianza kazi hiyo. Februari 2021 kampuni ikatangaza kuisitisha. Walionunua wakabaki na nguo yenye tundu. Kwa hiyo anayesema "tutaurekebisha" hajatia sahihi mkataba wowote. Ametoa ahadi ambayo mhasibu wake anaweza kuifuta asubuhi yoyote.

Mwenzangu wa Hisabati hakukubaliana nami, na hoja yake haikuwa nyepesi. Aliniuliza kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa udanganyifu, kwa vile ilitolewa upya mwaka 2004 na tena 2013. Aliniuliza mimi mwenyewe natumia maazimio ya kazi ya mwaka gani, na ni mara ngapi nimeyapaka wino juu ya wino. Alisema kwamba kazi yoyote kubwa hukomazwa na watumiaji wake, na kwamba wale mafundi wa Warsaw, ambao mwaka 2020 walifanyishwa kazi hadi siku sita kwa wiki ili tarehe ya mauzo isivunjwe, walistahili kupewa muda wa kuikamilisha kazi yao jinsi walivyoiota.

Juu ya mafundi tunakubaliana. Juu ya kamusi nilimjibu hivi: kamusi ya 1981 ilikuwa nzima kwa kipimo cha siku yake. Herufi zote zilikuwamo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Toleo la 2004 liliongeza maneno na kusahihisha mengine, lakini aliyebaki na la kwanza hakubaki bila kamusi. Lau ingeuzwa ikiishia herufi M, kwa bei kamili, na mnunuzi akaambiwa N na nyinginezo ziko njiani, sidhani kama tungeliita jambo hilo ukuaji wa kazi. Kuboresha kilicho kizima ni kitu kimoja. Kukamilisha kile ambacho umekwisha kukiuza kama kizima ni kitu kingine, hata ukikikamilisha kwa ustadi wa kumfanya kila mtu asahau.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba ustadi huo hata hivyo upo, na kwamba nilikuwa nimeushika ukingo wa kiti. Sikuwa na la kumjibu.

Mvulana alitimiza neno lake. Wiki iliyofuata aliniletea kiraka. Alikuwa ameandika mwisho wa kurasa mbili, tena hakuishia hapo. Alikuwa ameirudia aya ya pili na kupachika tukio dogo la utotoni ambamo yule bibi arusi anafunzwa kuogelea na nyanyake, hivi kwamba anapofikishwa mtoni, msomaji tayari ana tumaini ambalo wakwe zake hawana. Ni insha bora kuliko zote nilizosahihisha muhula huu, na wenzake thelathini na tisa waliileta yao siku iliyotakiwa.

Alama ya siku ya kwanza nimeiandika katika rejista kwa kalamu nyekundu. Ya pili nimeiandika kando yake kwa penseli. Ripoti za wazazi zinatoka Ijumaa, na nafasi iliyoachwa kwa somo la Kiswahili ni ya tarakimu moja tu.